Mlango wa Uani Uliobaki Ndani

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni kama kawaida yako. Hujambo wewe, na shemeji, na wale vijana wako? Ule mguu uliokuwa ukivimba, unakanyaga sasa? Sisi huku wazima, ukiondoa uchovu, na uchovu wenyewe nimeuzoea kama mtu wa humu ndani. Mtoto mdogo ameanza kuota meno na anayajaribia kwenye bega langu. Dada yake, Kasuku wetu, bado anarudia kila anachokisikia, na kwa kuwa nyumba ilijaa mafundi, ana maneno mapya ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Baba watoto anakusalimu sana. Ana saruji mpaka kwenye nyusi, namwambia amezeeka kabla ya wakati wake.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Dada, wewe ukipokea simu yangu unaweka sauti kubwa, unaiacha mezani, unaendelea na vitunguu vyako, na Mama amekaa hapo hapo. Haya ya leo nataka uyasikie wewe kwanza. Barua nampa dereva wa lori la mchanga, anapita kwenu kesho. Isome ukiwa peke yako, uifikishe mwisho, ndipo unipigie unigombeze.

Nianze na nyumba, maana uliiuliza na mimi nikawa nakujibu nusu nusu. Ungeiona usingeijua. Kuta za mawe za Baba tumeziacha, unene ule ule, lakini ule ukuta kati ya jiko na stoo tumeuangusha. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema jikoni kwetu mtu akifungua oveni mwenzake lazima akasimame nje? Sasa hivi pale pana meza ya watu wote, sinki liko chini ya dirisha, na soketi zipo za kutosha, friji na birika hazipokezani tena. Choo na bafu viko ndani. Kwisha habari ya kukimbia na mwavuli gizani. Kipande kimoja tu tuliambiwa tusikiguse, ule ujia mwembamba kutoka mlango wa uani hadi jikoni, kwa sababu ukuta wake ndio ulioshika paa. Tumeupaka rangi, tukauacha na wembamba wake.

Vumbi tumelila, Dada. Lilikuwa kwenye unga, kwenye nepi, kwenye masikio ya mtoto. Baba watoto alimwambia jirani wa geti jekundu kwamba siku hizi mshahara wake wote unaishia kwenye nyumba ndogo. Kesho yake jirani akaja na uso wa msiba, akanishika mikono yote miwili, akaniambia nivumilie, wanaume ndivyo walivyo. Nilicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Sasa chumba cha Mama. Hapo ndipo nilipokuwa nakuficha.

Nilikuambia tunakijenga uani, kimeshikana na jiko. Sikukuambia ni wapi hasa. Kimekaa pale palipokuwa na jiwe la kufulia na kamba ya nguo. Fundi tunamwita Taratibu, kwa sababu ukimuuliza lolote, hata saa ngapi, anaanza na taratibu. Ni mtu wa maneno mengi na anaipenda sana sauti yake. Taratibu alitaka kuung'oa mlango wa uani, ule wa mbao nzito ambao sote tulipitia tangu tunatambaa, apanue pale paingie hata kiti cha magurudumu. Nikakataa. Nilimwambia Mama amesahau majina yetu lakini mikono yake haijasahau, akiushika mlango wake atajua yuko kwake. Baba watoto akaniunga mkono. Ukabaki palepale, kwenye fremu yake na bawaba zake. Wala hatukuugeuza. Taratibu alitukumbusha kwamba komeo liko upande wa jikoni, na ule upande uliopigwa jua na mvua miaka yote sasa ndio unaotazama kitanda. Alisema kwa maneno yake mwenyewe kwamba kwa mujibu wa mlango huu, anayelala chumbani amelala nje. Tukacheka. Nikamwambia apake rangi tu.

Chumba hakina mlango mwingine. Kina dirisha, na bafu lake dogo lisilo na pa kutokea. Nakuomba ushike hilo.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akiingia kutoka kufua? Beseni mikononi, hawezi kubisha kwa mkono, anaupiga mlango kwa goti, chini, mara mbili. Halafu anasema, hodi kwangu. Na sisi tunashindana nani atawahi kumjibu, karibu kwako. Hata mlango ukiwa wazi alikuwa haingii mpaka ajibiwe. Siku ile ya mvua kubwa tulinyamaza makusudi, na yeye akasimama tu na beseni lake, maji yanamtiririka, anacheka peke yake, mpaka wewe ukashindwa ukamjibu. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Ulining'ata.

Paa lilipokamilika na dirisha kuwekwa, tukaanza kusikia. Ni mchana, baada ya chakula, mdogo akishalala na nyumba ikatulia. Mlango unapigwa chini, mara mbili, kutoka chumbani. Taratibu akasema ni ukuta mpya unakaa, kwamba ukuta mpya na wa zamani ni kama mke na wifi, mpaka wanyeshewe mvua moja pamoja ndipo wapatane. Niliridhika na hilo. Nilikuwa na nepi za kufua, nani ana nafasi ya kuogopa kuta?

Siku moja Taratibu alikuwa peke yake kwenye ule ujia, anapiga plasta, mlango umefungwa kwa komeo. Nikamsikia anasema kwa sauti, subiri mama, nimeshika mwiko. Akaendelea. Kisha akasema tena kwa ukali kidogo, nimesema subiri. Halafu akaja jikoni na mwiko mkononi plasta inadondoka sakafuni, akanikuta nimekaa namnyonyesha mtoto. Akaniuliza nimepitia wapi. Nikamwambia sijainuka hapa tangu nikae. Akaondoka kabla ya muda wake, kesho yake akatuma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Aliporudi alikuwa hafanyi kazi mpaka aufungue ule mlango na kuweka tofali kubwa kizingitini usijifunge. Baba watoto akamtania kwamba mgongo umehamia moyoni. Hakucheka.

Kisha Kasuku. Nilikuwa naosha chupa za mtoto, akaja akanivuta gauni, akaniuliza kwa nini simfungulii Bibi. Nikamuuliza Bibi gani. Akaniambia yule anayesema hodi kwangu. Dada, mtoto huyu Mama alipohamia kwako alikuwa bado hajaanza kusema. Na mimi maneno yale sijayatamka katika nyumba hii, kwa sababu yakinijia nalia. Nilimfokea. Nikamwambia hakuna mtu, na asimjibu asiyemwona. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto muongo, akaenda zake.

Siku hiyo ndipo nilipokupigia simu bila sababu, nikijidai nauliza bei ya mapazia. Nawe, bila mimi kukuuliza, ukaanza kunilalamikia. Ukasema Mama amekuja na jipya. Kila siku baada ya chakula anainuka, anazunguka humo ndani mlango hadi mlango, anaupiga kila mmoja kwa goti, anasema hodi. Ukimwambia karibu anakutazama, anatikisa kichwa, anakwenda mlango mwingine. Umesema anapiga mpaka mlango wa kabati. Umesema goti limeota sugu, na wewe umechoka, unaona anakufanyia kusudi. Nilikusikiliza nimeshika sinki kwa mkono mmoja.

Kuanzia hapo nilijua ni nani. Sikujua inawezekanaje, na sitajifanya najua leo. Mama mzima, yuko kwako, anakunywa chai kwako, na hapa kwangu anagonga. Nilijitahidi kutojibu. Sisi sote tumelelewa kwamba ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Lakini mtu aliyechoka hana ubishi, Dada. Mchana mmoja mdogo alikuwa amelia tangu asubuhi, nimembeba mpaka kiuno hakina hisia, ndiyo kwanza amelala. Mlango ukapigwa chini, mara mbili. Na mara hii nikaisikia sauti mwenyewe, si kwa mdomo wa Kasuku. Haikuwa hii sauti yake ya sasa inayotetemeka. Ilikuwa ile ya wakati ule tunavaa sare za shule, sauti ya mtu mwenye nguvu na beseni zito. Hodi kwangu. Nikamwona amesimama kwenye mvua, anatusubiri sisi tuliozibana midomo kwa mchezo. Nikasema, karibu kwako.

Nikaenda nikavuta komeo, nikafungua. Chumbani hapakuwa na mtu. Dirisha limefungwa, godoro liko ndani ya nailoni yake. Lakini badala ya harufu ya rangi palinuka sabuni ya mche na nguo mbichi. Na nikiwa pale kwenye ujia, kabla sijafikiri, nilijibana ukutani. Nilivuta tumbo ndani, nikageuza miguu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani Mama akipita na beseni. Ubaridi wa nguo mbichi ukanipita kifuani. Nikageuka, nikamwona Kasuku, aliyekuwa amekaa sakafuni na vikombe vyake, anaikunja miguu yake kumpisha mtu.

Jioni ile ile ulinipigia kwa furaha. Ukasema Mama leo ametulia. Alikuwa kwenye mlango wa bafu anagonga, mara akatabasamu, akasema haya, asante, akaenda akakaa kwenye kiti cha dirishani na hajainuka tena. Umesema hazunguki, hagongi, hasumbui. Ukasema sasa basi, kwa kuwa ametulia mwache abaki kwako, hicho chumba nimpangishe mtu, na asiyekuwepo na lake halipo. Ulikuwa unatania, najua. Nilimpa baba watoto simu, nikaenda kukaa bafuni.

Sasa nikuambie ninaloogopa kukuambia. Tangu siku hiyo zimepita wiki, na mimi nimenyamaza, na sikunyamaza kwa hofu. Nilinyamaza kwa sababu nilipata msaada.

Mtoto mdogo nikimlaza kwenye kile chumba analala. Akishtuka, nasikia analia kidogo, kisha analia kwa kushuka, kama mtoto anayepigwapigwa mgongoni, kisha kimya. Nikienda namkuta amelala kwa ubavu na nguo imevutwa vizuri miguuni. Nguo nikiziacha kwenye beseni jioni zimerundikana, asubuhi nazikuta zimetengwa, nyeupe mbali na za rangi mbali, namna yake. Kasuku ameanza kukunja leso kwa pembe tatu, na mimi sijamfundisha. Hata baba watoto, anayesema mimi nimekosa usingizi tu, nimemwona kwa macho yangu akipita kwenye ujia anajibana ukutani na hajui kwamba anajibana. Sijawahi kupumzika hivi tangu nizae. Nilikuwa naye, Dada. Yule anayetujua. Nikajiambia, wewe unaye wako na mimi ninaye wangu, kuna ubaya gani?

Ubaya nimeujua juzi. Umenitumia ujumbe kwamba Mama hali. Umesema kijiko anakigeuzia uso, anasema kwa adabu kabisa, nimeshakula. Umemuuliza umekula wapi, akakujibu, nimekula kwangu. Umesema mikono yake baridi hata juani, na ukimwita hageuki, anatazama dirisha kama nyumba iliyoachwa taa ikiwaka bila mtu ndani. Daktari amekwambia ni umri. Wewe umeandika labda ndiyo safari yenyewe, tumwache aende kwa amani.

Si umri, Dada, na haendi. Ameshafika, na mimi ndiye niliyemkaribisha. Nilimkaribisha nusu, nikafunga mlango, na ile nusu iliyobaki kwako inakauka kwa sababu mwenyewe hayumo. Nilikuwa nasikia mtoto anabembelezwa na nikaacha Mama afe njaa kwako ili mimi nilale. Nimelisema. Sasa nisikilize ninalotaka, maana hapa sikuombi.

Mlete. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje shemeji apate ruhusa kazini. Dereva huyu huyu anayekuletea barua anarudi kesho kutwa, na nimeshazungumza naye, atawaweka mbele, si nyuma kwenye mchanga. Mfunge blanketi. Hata akikataa chakula, mloweshe midomo njiani. Najua umembeba peke yako muda mrefu na mimi nikiwa na visingizio vya mimba na ujenzi. Najua utasema namnyang'anya. Njoo naye, ukae. Nafasi ipo, jiko lenyewe limekuwa uwanja.

Leo tangu asubuhi Taratibu anavunja ukuta wa chumba kipya. Rangi bado mpya na mimi namwambia autoboe. Nimemtaka ashushe dirisha liwe mlango, utokee uani. Amenitazama, akatazama ile rangi yake, akaniambia taratibu, mama, mtu hajengi kwa mkono huu akabomoa kwa huu. Nikamwambia kuna mtu atakuja kwa kupitia uani, kama alivyozoea, na hawezi kupita dirishani. Akaniuliza ni yule mwenye haraka, aliyekuwa hamsubiri amalize plasta? Nikamjibu ndiye. Akachukua nyundo.

Kwa hiyo msiingilie mbele kama wageni. Zungukeni uani. Mwingize kwa huo mlango mpya, mvushe chumba, msimamishe mbele ya mlango wake, kisha wewe mwachie mkono na urudi nyuma. Usimgongee. Usimsemee hata neno. Asimame hata kama ni mpaka jua lizame. Mimi nitakuwa upande wa jikoni na watoto, komeo nimelivuta, na nitamweka Kasuku kwenye mapaja yangu nimzibe mdomo, maana huyu atawahi. Sijui kama goti lake litakumbuka. Likikumbuka, nitamjibu kwa sauti yangu yote, na safari hii sitafunga mlango mpaka apite mzima. Lisipokumbuka, angalau atakuwa amekaribia, na sisi sote wawili tutakuwepo.

Ninapoandika hapa ni mchana. Nyundo imepumzika. Mdogo alilia sasa hivi, kisha akalia kwa kushuka, na bado sijainuka.

Msalimie sana shemeji, mwambie anisamehe kwa kumwachia nyumba bila mpishi. Wabusu vijana, na waambie nafasi yao ya kulala ipo, wasigombanie. Baba watoto anasema mje na viatu vya kukanyagia saruji. Na Mama mpe salamu zangu taratibu, sikioni, hata kama hakujibu. Mimi huku nimeshamsalimia asubuhi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mama Kasuku